Namba Moja, Kichwa Chote

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Nimewaagiza wanafunzi wa kidato cha pili waandike shajara hadi mvua za mwisho wa mwaka ziishe, kwa hiyo sina budi kuandika yangu, nisije nikaulizwa. Mimi ni Abdisamad Kerrow, mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa, umri miaka thelathini na minne, sijaoa, naishi na mama yangu, Hooyo Fatumo, nyuma ya soko la mbuzi. Leo sina la kuandika ila jambo moja, nalo linaniuma.

Picha ya kidato cha nne imerudi kutoka kwa mpiga picha. Siku ile alipanda juu ya tangi la maji ili atupate sote, na sisi walimu tukakaa mbele kwenye viti tukitazama miguu yetu kwa sababu ya jua. Leo nimeona kitu cheupe kinang'aa kando ya mwalimu wa hesabu. Nilidhani ni karatasi iliyopeperushwa na upepo. Ni utosi wangu.

Kumbe nina para. Bado ndogo, kama kifuniko cha mtungi, lakini iko, na kila mwanafunzi amepewa nakala yake ya picha aende nayo kwao.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Komora kinyozi. Ni Mpokomo wa Hola, ana kibanda chenye kioo kimoja kirefu na mashine mbili za stima, na mikono yake ni myepesi kuliko maneno yake. Nikamwonyesha utosi, nikamwuliza kama nikiziacha za pembeni zikue naweza kuzichana zikafunika katikati. Akacheka, ila kwa adabu.

"Mwalimu, nywele ndefu ndizo zinazokusengenya. Pembeni nyeusi, katikati nyeupe, jicho linalinganisha. Ukizishusha zote, jicho linakosa cha kulinganisha."

Akatoa vitana vya mashine, akavipanga mezani kwa mfuatano. Namba nne, alisema, ni ya watu wa ofisini wanaoogopa wake zao. Tatu ni ya mtu asiyejua anachotaka. Mbili ni ya askari. Moja inabakiza kivuli tu. Baada ya hapo ni chuma chenyewe bila kitana, na huko hakuna kurudi hadi mwezi uishe.

Nikaanza kumweleza kwamba ningependa pembeni ziwe fupi zaidi na juu zibaki kidogo, kama vijana wa Nairobi. Adeer Salat, ndugu wa marehemu baba, alikuwa kwenye benchi akingoja ndevu zake za hina zipunguzwe. Akadakia kwa Kiswahili chake cha soko la ng'ombe.

"Komora, usimfanye fijana. Kunyoa huku na kuacha huku, dini imekatasa. Biga namba moja, kichwa yote."

Ikawa namba moja, kichwa chote. Haikuzidi dakika saba. Nilipofumbua macho nilimwona kwenye kioo mtu ninayemjua kwa mbali. Nyuma ya sikio la kushoto kuna bonde, mahali beberu aliponipiga pembe nikiwa na miaka sita, nami nilikuwa nimelisahau kabisa. Lakini para sikuiona. Komora alinipaka spiriti, ikaniwasha hadi machozi, akanipa wasia: "Huu ndio mkato usio na kazi. Hutaki kitana, hutaki kioo. Njoo tu Alhamisi."

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilipopaka maji kichwani wakati wa kutawadha, nilihisi kila tone. Msikitini feni iliyo juu ya safu ya pili imekuwa rafiki yangu. Hooyo amenizunguka mara mbili, akasema, "Kichwa cha baba yako kimerudi nyumbani," kisha akaenda kupika. Wanafunzi wananiita Namba Moja wakidhani sisikii.

Jumatatu, 13 Oktoba

Joto. Hakuna jambo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mkato usio na kazi una kazi. Siku ya nne kivuli cha pembeni kinaanza kukolea, na siku ya sita utosi umekuwa kisiwa tena. Leo nimerudi kwa Komora. Nimejifunza mambo: mashine ipite kinyume na nywele zinavyoota, ila kisogoni ipite taratibu, la sivyo vipele. Meno ya mashine yasafishwe kwa brashi na kutiwa tone la mafuta ya cherehani kabla hayajanigusa. Nikifika nyumbani, mafuta ya nazi kidogo, si mengi, kwa sababu vumbi la Garissa linapenda mafuta. Komora anasema mtu mwingine mwenye kichwa hiki angekaa wiki tatu. Nikamwambia mimi si mtu mwingine.

Mawingu upande wa kusini. Watu wanasema mvua ya mwaka huu itakuwa na wazimu.

Jumanne, 21 Oktoba

Ngoja niandike kwa nini nahangaika hivi, maana shajara ikifichwa ukweli haina faida.

Kuna Khadra Nunow, muuguzi katika zahanati iliyo karibu na msikiti wetu. Wao ni watu wa Elwak. Adeer Salat anamfahamu baba yake kwa biashara ya ng'ombe, naye ameanza mazungumzo ya posa. Khadra aliwahi kuchumbiwa. Siku tisa kabla ya nikahi ikajulikana kwamba bwana yule ana mke na watoto wawili katika mji wa Diff, na hakuwa amemwambia mtu. Khadra akavunja, na hadi leo akisikia jina la Diff anabadilisha mazungumzo.

Hatukutani faragha, ila tunaandikiana barua, na mchukuzi ni Hooyo, anayekwenda zahanati kila wiki kupimwa presha. Kisomali tunakisema lakini shuleni hatukufundishwa kukiandika. Kiingereza cha Khadra ni safi, cha hospitali, lakini mimi ndiye niliyeomba tuandikiane Kiswahili. Nilitaka aone ninavyokiandika. Yeye anaandika kama anavyotamka, na sisi Wasomali tunavyotamka inajulikana: pe inakuwa be, ve inakuwa fe, na ze inakuwa se. Darasani nimepigana nalo miaka minane. Pata, bata. Paka, baka. Wanarudia mpaka kengele inalia, halafu wanatoka nje kubiga mbira.

Barua yake ya kwanza ninayo hapa, ananiita macalin, yaani mwalimu: "Macalin, nimebata barua yako. Bole na kasi ya shule. Mimi nawesa kuolewa na mtu maskini, au mtu mkali kidogo, au mtu yoyote, isibokuwa mwongo."

Nilishika kalamu nyekundu bila kujua. Nikaiweka chini, nikaona aibu.

Kila aliponiona alinikuta na kofia. Hajui habari ya utosi. Nimejiambia nitamweleza, ila si sasa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Komora. Namba moja. Mvua imenyesha siku tatu bila kupumua, na kibandani palikuwa na wanaume tisa, wawili tu wakiwa wamekuja kunyolewa.

Jumanne, 4 Novemba

Tana imepanda. Mashamba ya ndizi ukingoni hayaonekani ila vichwa vya migomba. Vyura wanaimba hadi ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Jumamosi, 8 Novemba

Hooyo amerudi kutoka zahanati, sketi imelowa hadi magotini na barua iko kifuani kwenye mfuko wa plastiki. Nainakili:

"Macalin. Bole na mvua, simesidi. Sahara ameniambia ile habari ya bara. Ni kweli? Mimi sina neno na bara. Lakini nataka kusikia kwako, sio kwa watu."

Sahara ni muuguzi mwenzake, na shemeji yake ni karani pale nilikopeleka fomu. Ni kweli kwamba mwezi wa Mei nilijaza fomu ya kuomba uhamisho kwenda kufundisha bara, Thika. Sikumwambia mtu, hata Hooyo. Nilikuwa nimechoka na joto, na wakati ule sikuwa nimemjua Khadra. Tangu Agosti sijaifuatilia. Sijaiondoa rasmi, lakini fomu ngapi zinalala kwenye makabati ya serikali hadi panya wanazila? Kwangu mimi imekufa.

Nikamjibu papo hapo, kwa mwandiko wangu mzuri: "Habari ya bara isikusumbue. Ilikuwapo mapema mwaka huu, nami nimekwisha kuiondoa kichwani. Wallahi, leo hakuna bara."

Naona nimeandika vizuri. Fupi, na kiapo juu.

Alhamisi, 13 Novemba

Barabara ya Nairobi imekatika ng'ambo ya daraja. Malori yamesimama upande wa pili, tunayaona na hatuyafikii. Dizeli ya jenereta za mji imeisha, na stima imezimika tangu jana. Komora amekaa mlangoni na mashine zake mbili mapajani, hana la kuzifanyia. Akaniambia, "Bole, mwalimu," kwa kunitania. Kichwa changu leo kina siku saba.

Shule imefungwa mapema.

Jumatano, 19 Novemba

Sukari hakuna. Hooyo amekwenda zahanati. Anasema Khadra aliipokea barua yangu, akaisoma akiwa amesimama, akaitia mfukoni, akamwambia "ahsante, eedo," yaani shangazi, akamwita mgonjwa mwingine. Jibu halikuja. Malaria imejaa, nadhani hana nafasi.

Alhamisi, 20 Novemba

Komora ametoa sandukuni mashine ya mkono iliyokuwa ya babake, ile ya kubana na kuachia kama koleo. Ilikuwa na kutu. Akaitia mafuta ya taa, akaisugua, akaijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, akaniangalia kwa huruma. Haikati, inang'oa. Nilitoka pale machozi yakinilengalenga na mistari kichwani kama shamba lililolimwa na mtu mwenye haraka. Lakini kisiwa kilifunikwa.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimejinyoa mwenyewe kwa wembe na sabuni ya kufulia, mbele ya kipande cha kioo. Nimejikata mara nne. Hooyo aliingia akakuta damu inatiririka hadi shingoni.

"Hooyo, nani amekupiga?"

Kwetu Wasomali, mama huwaita watoto wake hooyo, kwa hiyo nyumbani kwetu wako wawili. Nikamwambia hakuna aliyenipiga, najinyoa. Akanifunga kitambaa, akasema nywele haziudhi mtu, na kama ziko chache si mimi niliyezitawanya. Nikajitia sikusikia. Usiku kisogo kiliwasha kama nimelalia siafu.

Ijumaa, 5 Desemba

Vipele vimejaa usaha. Nimeambiwa nisiguse wembe. Navaa kofia hata ndani.

Hakuna barua.

Jumanne, 9 Desemba

Hakuna barua. Nimeandika nyingine kumjulia hali, kurasa mbili, juu ya mafuriko na vyura. Hooyo anasema aliipokea.

Alhamisi, 18 Desemba

Siku hii sitaisahau.

Vipele vimepoa, nikaenda kwa Komora aninyoe kwa ile mashine yake ya mkono. Kiti kilikuwa na mzee mmoja mfugaji, amekuja kutoka upande wa Tarbaj kwa lori na miguu, siku kumi na moja njiani. Nikakaa kwenye benchi nikingoja. Mzee akavua kilemba, akapiga kiti kwa kiganja, akasema, "Nyoa bara."

Komora hakuuliza kitu. Akachukua wembe mpya, akampaka sabuni, akamnyoa kichwa chote kikawa kama yai.

Mzee alipotoka nikamwambia, "Komora, wewe ni jasiri. Yule amekwambia bara. Angeweza kuwa anataka mtindo wa bara, wa vijana wa Nairobi. Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini, mwalimu? Miaka saba nakaa hapa. Wazee wenu wote wakitaka para wanasema bara."

Nilikuwa nimeshakaa kitini na shuka shingoni. Nikashika mkono wake usishuke. Ndani yangu kulikuwa kunasomwa barua, neno kwa neno, kwa sauti ya Khadra: Sahara ameniambia ile habari ya bara. Ni kweli? Mimi sina neno na bara.

Hakuuliza habari za Thika. Aliuliza habari za kichwa changu. Nami, mwalimu wa Kiswahili, niliyepigana na pe na be miaka minane, nimemwandikia kwamba nimekwisha kuiondoa kichwani, na wallahi hakuna bara.

Nikavua shuka, nikaenda nyumbani na nywele zangu.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeandika barua tano, nimezichana tano. Ya kwanza ilieleza matamshi kwa kirefu kama somo. Ya pili ilimlaumu. Nilipofika ya tano nikajiuliza: nani ataamini kwamba mimi, kati ya watu wote, nilisoma "bara" nikaelewa bara? Itaonekana nimeongeza uongo wa pili kufunika wa kwanza. Kwa Kisomali angeniuliza habari ya bidaar, ndiyo para, nami ningejibu, na mambo yangeisha siku ileile. Ni mimi niliyetaka Kiswahili.

Naona haya kuandika hivi, lakini nampenda mtu huyu. Nampenda hata kwa hizo se zake.

Najifariji kwa jambo moja: upande wa Thika angalau nilisema kweli.

Jumatano, 31 Desemba

Ramadhani imeingia. Mvua bado. Nyama imekatazwa kwa sababu ya ugonjwa wa mifugo, tunafuturu uji na maharagwe. Nywele zina wiki tano. Pembeni zimeota kama nyasi za mafuriko na katikati hapana kitu.

Ijumaa, 9 Januari 1998

Adeer Salat amekuja baada ya tarawehe. Mzee Nunow ametoka Elwak, yuko njiani, atafika kabla ya Idi. Atakubali lolote binti yake atakalosema. Shida ni binti.

"Ulizeni wengine, mimi sina la kusema, ndivyo alivyojibu," Adeer akasema kwa Kisomali, kisha akaniita adeer, kama ami zetu wanavyowaita watoto wa ndugu zao. "Adeer, mwanamke asiye na la kusema ameshasema. Umemfanya nini?"

Nikamwambia nimemwandikia vibaya. Akaniangalia kofia, akaniangalia macho, akaomba maji.

Jumatatu, 19 Januari

Ndege imeleta mifuko ya posta iliyolala Nairobi tangu Novemba. Nimepata barua tatu. Mbili ni za chama cha walimu. Ya tatu ina muhuri. Ombi langu la uhamisho limekubaliwa, niripoti Thika tarehe kumi na sita Februari.

Nimekaa nayo kitandani hadi adhana ya alasiri. Ile faraja yangu imekwisha. Niliapa kwamba hakuna bara huku fomu iko hai na inatembea kutoka meza hadi meza. Kwa hiyo kiapo kile, ukikisoma kwa pe au kwa be, ni cha uongo.

Ningeweza kuichana barua hii. Hakuna aliyeiona. Bwana wa Diff naye, nadhani, alijiambia hivyohivyo kila asubuhi.

Alhamisi, 22 Januari

Nimepiga moyo konde. Baada ya adhuhuri nimevaa kanzu, nimeweka bahasha mfukoni, na nimeiacha kofia juu ya kitanda. Kutoka kwetu hadi zahanati ni mwendo wa dakika kumi. Sijawahi kuona njia ndefu kama ile. Mwenye duka la vitambaa alinisalimu mara mbili, ya kwanza kwa mazoea na ya pili baada ya kunitazama.

Zahanati ilikuwa imejaa kina mama na watoto, wengi wao watu wa vijijini waliokimbia maji. Khadra alikuwa dirishani pa dawa na Sahara nyuma yake akihesabu vidonge. Aliniona, akaona kichwa, akarudisha macho kwenye daftari. Ilipofika zamu yangu alisema nami kwa Kiswahili. Nilielewa kwa nini: foleni nzima ilikuwa imetega masikio, na hawa kina mama Kiswahili hawakijui.

"Macalin. Unaumwa nini?"

"Kichwa," nikasema.

Sahara akaacha kuhesabu.

Niliweka bahasha dirishani, nikashika utosi wangu kwa mkono mwingine. "Hii ni para. Na hii hapa ni bara. Nilikuapia kwamba sina, na ninazo zote mbili."

Akaitoa barua, akaisoma hadi kwenye muhuri. Akairudia. Nikaona anaanza kuelewa, maana alinitazama kama mtu anayehesabu siku nyuma.

"Ngoja. Mimi nimeulisa kichwa, wewe ukasikia Thika?"

"Nilisoma ulivyoandika."

Akashika daftari la wagonjwa, akaficha uso nyuma yake, na mabega yakaanza kutikisika. Sahara naye hakuweza kujizuia.

"Bicha yako iko kwa Sahara," Khadra akasema alipopata pumzi. "Ile ya fomu four, ya ndugu yake. Iko ukutani. Kabla ya Ramadhani, kila siku saa nne mimi nakunywa chai chini ya kichwa yako. Halafu mtu ananiandikia wallahi hakuna. Nikasema, huyu ni wa Diff bia. Huyu anaaba, na bicha iko ukutani."

Ndiyo kusema wembe wote ule, na koleo la babake Komora, na Alhamisi zote zile, nilikuwa namficha mtu aliyekuwa ananitazama utosi kila siku saa nne.

Kisha akaacha kucheka. Akagonga barua kwa kidole. "Na hii? Hii ni ukweli?"

"Ni kweli. Fomu niliijaza Mei, kabla yako. Nilikwambia nimeiondoa. Sikuiondoa. Niliiacha nikitumaini itakufa yenyewe."

"Hii ni mbaya kushinda kichwa."

"Najua. Nimeipata Jumatatu. Nimekuja usiisikie kwa watu."

Akaniashiria benchi, akamwita mgonjwa mwingine. Nikakaa. Nilikaa pale saa nzima na zaidi, kichwa wazi, kati ya mama mwenye mapacha na bibi mmoja aliyenitazama utosi bila haya hata kidogo, kisha akaniuliza kwa Kisomali kama huo ni ugonjwa wa mafuriko. Nikamwambia hapana, mama, ni wa baba yangu. Akaniombea dua.

Kwenye benchi lile nilifikiri mengi, na mengi yalikuwa juu yangu. Nimekuwa nikimsoma mtu huyu na kalamu nyekundu kichwani. Niliona herufi zake zote zilizokosewa, swali lake sikuliona. Sijawahi kujiona mdogo hivi, na ajabu ni kwamba halikuwa jambo la kuumiza sana. Upepo wa mvua uliingia dirishani, ukapita juu ya kichwa changu, nikatulia.

Foleni ilipoisha alikuja akasimama hatua tatu mbali, Sahara mlangoni akiwa shahidi. Alikuwa na barua ya Thika mkononi.

"Baba anafika Jumatatu," akasema. "Ataniulisa."

"Khadra, uliniandikia huna neno na bara. Ulikuwa unasema ipi?"

"Wakati ule, kichwa."

"Na sasa?"

Akaikunja barua mara mbili. Nilidhani atanirudishia. Akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe, mahali ambapo, naamini, zilikuwa zile nyingine zangu.

"Sote mbili," akasema, akaenda kufunga dirisha.

Nimerudi nyumbani mvua ikininyeshea utosi. Kwa Kiswahili sanifu ni zote mbili. Sote ni sisi. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 29 Januari

Mzee Nunow amesema naam. Nikahi baada ya Idi, Thika baada ya nikahi, na Hooyo anasema atakuja kuona huko bara kuna nini. Stima imerudi tangu asubuhi. Komora alinifunga shuka, akawasha mashine, akaniuliza leo namba ngapi.

Nikamwambia, "Bara."

Hakuuliza zaidi.